Mtoto Mpiga Makasia Anapoogopa Sahani

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo kwenye vikao vyetu vya harusi na misiba hapa Scarborough halitajwi kabisa, ingawa majumbani lipo. Nalo ni hili: mtoto mzima wa afya, mwenye alama nzuri shuleni, mwanamichezo anayesifiwa na walimu, anafika mahali anaogopa chakula.

Somo hili lina mfano mmoja mkubwa, nao ni mchezo wa kupiga makasia. Nimeuchagua kwa sababu ni mchezo unaopima watoto kwenye mizani, na kwa sababu wazazi wengi tunaoishi Agincourt hatuujui vizuri. Sisi tuliokulia Tanga, Mombasa, Mwanza au Kisumu tunalijua kasia kama chombo cha mvuvi. Huku ni mchezo wa shule na vyuo vikuu, na Toronto imeuenzi tangu karne ya 19. Ned Hanlan, mtoto wa mji huu, alikuwa bingwa wa dunia kuanzia 1880 hadi 1884. Mpaka leo, kila kiangazi, wapiga makasia wa Canada nzima hukutana St. Catharines kwenye mashindano ya Royal Canadian Henley Regatta.

Na usidhani ni mchezo wa wenzetu tu. Kathleen Noble aliiwakilisha Uganda kwenye makasia katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, akiwa Mganda wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka huo huo Asiya Sururu wa Mombasa alipiga makasia kwa niaba ya Kenya kwenye Paralimpiki. Kwa hiyo mwanao akija na fomu ya klabu ya makasia uisaini, usishangae. Ni mchezo mzuri. Unajenga moyo, mapafu, mgongo na nidhamu. Ninachotaka ni usaini ukiwa unajua mizani inafanya kazi gani humo ndani.

MIZANI IMEINGIAJE KWENYE BOTI?

Katika makasia, watu warefu na wenye misuli mikubwa ndio hushinda mara nyingi. Ili wenye maumbo madogo nao wapate nafasi, likaanzishwa kundi la wepesi. Kwa kanuni za kimataifa, mwanamume wa kundi hilo asizidi kilo 72.5, na wastani wa boti nzima usizidi kilo 70. Mwanamke asizidi kilo 59, na wastani wa boti usizidi kilo 57. Upimaji hufanyika siku ile ile ya mashindano, kati ya masaa mawili na saa moja kabla ya mbio.

Nia ilikuwa nzuri. Lakini tazama kinachotokea. Msichana wa kilo 62, mwenye afya yake kamili, anaiona ile 59 kama mlango. Anajiambia, nikipunguza kilo tatu tu nimeingia. Halafu kuna ule wastani. Wakiwa wawili kwenye boti na mmoja ana kilo 58.5, mwenzake lazima awe na 55.5 au pungufu. Kilo zako zinakuwa deni la mwenzako. Hakuna kocha aliyemwambia mtoto asile, ila kila asubuhi anajua kwamba akila, rafiki yake ndiye atakayelipa.

Hata mshika usukani, yule mdogo anayekaa bila kasia na kutoa amri, naye yumo. Kwa kanuni za kimataifa anatakiwa awe na angalau kilo 55, na akipungua anabebeshwa uzito wa kufidia ndani ya boti. Yaani hakuna faida ya maana kwake kushuka chini ya hapo, lakini wapo wanaoshuka kwa sababu timu nzima inazungumzia kilo tu.

Kundi la wepesi liliingia Olimpiki 1996 kule Atlanta, na likatoka baada ya Paris 2024. Watu wengine wakadhani basi, tatizo limekwisha. La hasha. Madaraja ya uzito yamebaki katika klabu na vyuo, na fikra ya kwamba mwepesi ndiye bora haikufutwa na kikao cha Olimpiki. Iko pia kwenye riadha, mieleka, judo, ndondi, dansi na sarakasi. Kama mwanao yuko huko badala ya makasia, endelea kusoma, somo ni hili hili.

HESABU YA MSHAHARA

Nifafanue kwa mfano ambao kila mmoja wetu hapa anaujua. Mshahara ukiingia, kwanza unalipa kodi ya nyumba, halafu unatuma nyumbani. Kinachobaki ndicho unachoishia nacho mwezi mzima. Kikibaki kidogo, unaanza kukata: simu, basi, nguo, mwisho hata dawa.

Mwili wa mwanamichezo uko hivyo hivyo. Chakula ndicho mshahara. Mazoezi ndiyo kodi ya nyumba, yanachukua kwanza, hayasubiri. Kinachobaki ndicho kinachoendesha moyo, ubongo, mifupa, joto la mwili, nywele na hedhi.

Sasa tupige hesabu. Chukua msichana wa kilo 57. Ukitoa mafuta, mwili uliobaki, yaani misuli, mifupa, damu na viungo, ni kama kilo 46. Wataalamu wa lishe ya michezo wanasema mwili hufanya kazi zake vizuri ukibakiwa na kalori kama 45 kwa siku kwa kila kilo hiyo baada ya mazoezi kuchukua chake. Ikishuka chini ya 30, matatizo yanaanza. Kwa msichana wetu, 45 ni kalori 2,070, na 30 ni kalori 1,380.

Tuseme mazoezi yake ya siku yanachoma kalori 700. Anahitaji basi kula karibu 2,800. Yeye anakula 1,800. Ukimwona mezani utasema anakula kama watu wengine, na kweli ndugu yake asiyecheza anaweza kula hivyo na akawa salama. Lakini toa zile 700. Anabakiwa na 1,100, ambazo ni kalori 24 tu kwa kila kilo. Mtoto huyu ana njaa, na hakuna anayeiona, pengine hata yeye mwenyewe haitambui.

Hapo ndipo mwili unapoanza kukata huduma. Tangu miaka ya 1990 madaktari waliona mambo matatu yakienda pamoja kwa wasichana wanamichezo: chakula kidogo, hedhi kukoma na mifupa kudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikapanua maelezo, ikasema upungufu huu wa nishati unagusa mwili mzima, na unawapata wavulana pia. Maelezo hayo yaliongezwa tena 2023.

KIPIMO CHA MIMBA KIKITOKA HASI

Mama mwenzangu, hapa naomba usikilize kwa makini.

Nyumbani kwetu binti akikosa hedhi, wazo la kwanza ni moja tu. Tunamwita chumbani, tunafunga mlango, tunauliza maswali makali. Tunanunua kipimo pale duka la dawa. Kikitoka hasi tunashusha pumzi, tunasema asante Mungu, na habari inaishia hapo. Binti naye anafurahi. Hana maumivu, hana usumbufu kwenye mashindano, na mama ameacha kuuliza.

Kumbe kipimo kikitoka hasi ndipo kazi inapoanza. Hedhi ikikoma kwa binti anayefanya mazoezi makali, mara nyingi maana yake ni kwamba ubongo umeona chakula hakitoshi na umefunga idara ya uzazi ili kubana matumizi. Estrojeni inashuka. Na estrojeni ndiyo inayolinda mifupa. Miaka ya ujana ndiyo miaka ya kuweka akiba ya mifupa. Sehemu kubwa kabisa ya akiba hiyo inawekwa kabla ya miaka 20. Binti asiyeweka wakati huo hawezi kurudi akiwa na miaka 35 akasema sasa naweka.

Kwa wapiga makasia mifupa hudai haki yake kwenye mbavu. Mbavu zinavutwa maelfu ya mara kila wiki, na mfupa dhaifu unaweka ufa. Binti anasema upande unamuuma akivuta pumzi au akikohoa. Tunampaka dawa ya kuchua. Huo unaweza kuwa ufa wa mbavu. Mkimbiaji wa Marekani Mary Cain alieleza hadharani 2019 kwamba katika miaka ya kushinikizwa kupungua alikosa hedhi kwa miaka mitatu na akavunjika mifupa mara tano.

Shika kanuni hizi mbili. Binti aliyekwisha kuanza hedhi akiikosa kwa miezi mitatu, aonwe na daktari hata kama hana mimba. Na binti aliyefika miaka 15 bila kuiona hedhi hata mara moja, naye aonwe. Tena usikubali haraka vidonge vya uzazi wa mpango viwe ndiyo jibu. Vinaleta damu kila mwezi na kukupa moyo, lakini havimalizi njaa iliyoko ndani wala haviirudishi mifupa. Dawa yake ni chakula zaidi na mazoezi pungufu.

Na wavulana? Wao hawana hedhi ya kutupa taarifa. Kwao homoni ya kiume inashuka, hamu na nguvu zinapungua, mifupa inadhoofika vile vile. Mvulana wa kilo 75 anayetafuta 72.5 anaweza kuumwa kimya zaidi ya dada yake, kwa sababu hakuna anayemfikiria.

NJIA ZA MKATO ZA KUSHUSHA KILO

Asubuhi ya kupimwa ikikaribia, wapo wanaoacha kunywa maji tangu jana yake. Wengine wanavaa makoti mazito na kukimbia ili watoke jasho, wanakaa sauna, wanatema mate kwenye chupa. Wengine wanatumia dawa za kuharisha au za kukojosha, au wanajitapisha.

Kilo zinazotoka hivyo ni maji na chumvi za mwili. Damu inakuwa nzito, potasiamu inavurugika, na potasiamu ikivurugika moyo unaweza kupiga ovyo au kusimama. Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijaribu kushusha uzito kwa mazoezi ya joto na kujinyima maji. Walikuwa vijana wenye nguvu, na baada ya hapo sheria za uzito katika mieleka ya vyuo zikabadilishwa.

Kwa hiyo ukikuta pakiti za dawa ya kuharisha kwenye begi la michezo, usidhani mtoto ana tatizo la choo tu.

JE, SI UGONJWA WA WAZUNGU?

Swali hili naulizwa sana. Jibu ni hapana. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wasichana wakimbiaji wa sekondari kule Kenya, wenye umri wa miaka 16 na 17. Watafiti walikuta kwamba wakimbiaji wako katika hatari ya upungufu wa nishati kuliko wenzao wasiokimbia, na karibu theluthi moja yao walikuwa na matatizo ya hedhi. Hao wako Kenya, wanakula ugali na sukuma wiki kama sisi.

Kingine cha kujua ni kwamba njaa yenyewe hubadilisha akili. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita chini ya usimamizi wa Profesa Ancel Keys. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakaanza kuwaza chakula mchana kutwa, kusoma vitabu vya mapishi, kukata chakula vipande vidogo vidogo, kukasirika na kujitenga na wenzao. Hawa hawakuwa wagonjwa wa akili. Ni njaa iliyowafanya hivyo.

Ndiyo maana mtoto anayeanza na kilo tatu za mashindano anaweza kujikuta hawezi kusimama hata mashindano yakiisha. Alianza kwa hiari, akafika mahali hiari haipo tena. Anoreksia na bulimia ni magonjwa, si maringo wala kiburi cha Canada. Anoreksia ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi, ama kwa moyo kushindwa au kwa mtu kujitoa uhai. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

DALILI ZA KUANGALIA NYUMBANI

Tatizo la nyumba zetu ni ratiba. Mtoto anaondoka Agincourt kukiwa bado giza ili awahi ziwani. Baba anarudi kutoka zamu ya usiku, mama anaingia ya asubuhi. Chakula kiko kwenye friji, kila mtu anajipakulia. Wiki inapita hakuna aliyeiona sahani ya mwenzake. Basi angalia haya:

1. Anasema ameshakula, shuleni au kwa rafiki, karibu kila siku.
2. Amefuta vyakula kimoja kimoja: kwanza mandazi, halafu chapati, halafu wali, halafu mafuta yote.
3. Anawapikia wengine kwa bidii lakini yeye haonji.
4. Anajipima uzito mara nyingi kwa siku, au furaha yake ya siku nzima inategemea mizani.
5. Anakwenda chooni mara tu baada ya kula na kufungulia maji kwa nguvu.
6. Mashavu yamevimba chini ya masikio, meno yanaoza haraka, ana makovu kwenye vifundo vya vidole vya mkono. Hizo ni dalili za kujitapisha.
7. Anasikia baridi hata kiangazi, nywele zinakatika, vinyweleo laini vinaota mwilini.
8. Anazimia au kuona kizunguzungu akisimama.
9. Anaongeza mazoezi ya siri usiku, na anafadhaika sana akikosa mazoezi.
10. Kasi yake kwenye mashine ya makasia inashuka ingawa anajitahidi zaidi.
11. Anaumia kila mara, mafua hayamuishi, hana raha, amejitenga.

Mtu wa namna hii si lazima awe amekonda. Wengi wana uzito wa kawaida kabisa. Usisubiri mifupa ionekane.

Jambo moja la kuangalia kwa heshima ni mfungo. Ramadhani na Kwaresima ni ibada. Lakini mtoto mwenye ugonjwa huu anaweza kujificha humo, akaongeza siku za kufunga, au akafuturu tende moja na kusema imetosha. Mgonjwa ameruhusiwa kula. Ongea na shehe au mchungaji wako, mweleze kwamba ni ugonjwa, akusaidie kumwambia mtoto.

NA MIDOMO YETU PIA

Nyumbani kumwambia mtu amenenepa ni sifa, maana yake mambo yake yamenyooka. Kumwambia amekonda ni kumuuliza anaumwa nini, na wengine wanakwenda mbali wakataja ukimwi mbele za watu. Mtoto aliyekulia huku hasikii hivyo. Shangazi akisema "Eh, umenenepa!" mlangoni, yeye anasikia hukumu, na usiku huo hali. Tusiwalaumu mashangazi, ndivyo tulivyolelewa. Ila tuwaombe mapema: salamu za mwili wa mtoto tuziache, tumuulize habari za shule na za boti.

UFANYE NINI?

Kwanza, zungumza naye mkiwa wawili, si mezani na si mbele ya wadogo zake. Usianze na uzito. Sema ulichokiona. Kwa mfano: "Mwanangu, nimeona unakula peke yako chumbani na wiki iliyopita ulizimia. Sikugombezi. Nina wasiwasi. Keshokutwa tunakwenda wote kwa daktari." Atakataa, pengine atalia au kupandisha sauti. Ni kawaida. Usibishane, na tarehe ya daktari usiibadilishe.

Pili, nenda kwa daktari wa familia na karatasi uliyoandika: hedhi ya mwisho ilikuwa lini, uzito wa mwaka jana na wa sasa, saa za mazoezi kwa wiki, kuzimia, maumivu ya mbavu au miguu, dawa ulizokuta. Omba apimwe presha na mapigo ya moyo akiwa amelala na akisimama, umeme wa moyo, potasiamu, fosfeti, madini ya chuma na tezi ya shingo. Ni sawa pia kupima mimba, kisukari, kifua kikuu na ukimwi ikiwa daktari anaona kuna sababu. Tusikimbie kipimo chochote, lakini tusiishie kwenye hivyo. Hedhi ikiwa imekosekana kwa miezi sita au zaidi, uliza kuhusu picha ya kupima uimara wa mifupa.

Ukisikia "moyo wake unapiga polepole kwa sababu ni mwanamichezo", uliza tena. Ni kweli moyo wa mwanamichezo hupiga taratibu. Lakini moyo wa mwenye njaa nao hupiga taratibu, na vipimo vile vingine ndivyo vinavyowatofautisha.

Tatu, usishangae daktari akiomba kuongea na mtoto peke yake. Hapa Ontario sheria ya ridhaa ya matibabu haikuweka umri maalumu. Kijana anayeelewa matibabu anaweza kutoa ridhaa yake mwenyewe, na siri zake zinalindwa. Hujanyang'anywa mtoto. Huenda huko ndani akasema lile ambalo mbele yako lingemshinda.

Nne, jua kwamba wewe ni sehemu kubwa ya dawa. Kwa watoto na vijana, matibabu yanayopendekezwa kwanza na mwongozo wa Canada wa 2020 ni yale yanayoiweka familia mbele. Yalianzia hospitali ya Maudsley, London. Wazazi ndio wanaopakua chakula, wanakaa na mtoto mpaka amalize, mlo baada ya mlo, huku wataalamu wakiwaongoza. Sisi tuliozoea kula sinia moja tunalielewa hili kuliko wengi. Kama zamu zenu zinapishana, gawaneni: baba kifungua kinywa, bibi au kaka mkubwa chakula cha jioni. Hospitali ya watoto ya SickKids hapa Toronto ina kitengo cha magonjwa ya ulaji, na daktari ndiye anayeandika rufaa. Huduma za hospitali zinalipwa na OHIP.

Tano, usimshindilie. Mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila kula akipewa chakula kingi kwa mkupuo, fosfeti inaweza kushuka ghafla na moyo ukapata shida. Kama amepungua haraka au hajala kwa siku kadhaa, aonwe na daktari kwanza ndipo chakula kiongezwe.

Akishapata ruhusa, vyakula vyetu vinatosha kabisa. Uji wa maziwa wenye karanga kabla ya kutoka alfajiri. Ndizi na mkate wa siagi ndani ya begi. Wali na maharage yaliyoungwa kwa nazi, ugali na samaki, parachichi, chai ya maziwa. Ndizi za kupika, mihogo na nazi vinapatikana kwenye maduka ya Kichina, ya Kitamili na ya Karibiani hapa hapa kwetu. Usipunguze mafuta.

Sita, mwone kocha. Muulize: nani anawapima watoto, na mbele ya nani? Namba zinabandikwa ukutani? Mtoto akizidi uzito mnafanya nini? Je, anaweza kuhamia boti zisizo na kikomo cha uzito? Kocha mzuri atafurahi umeuliza. Mtoto akisimamishwa mazoezi na daktari, hiyo si adhabu. Mwambie ni kama mtu mwenye mguu wa plasta.

SWALI LA SKOLASHIPU

Najua kuna mzazi anayesema moyoni: lakini hii boti ndiyo itakayomsomesha. Basi tulitazame bila kujidanganya. Vyuo vikuu vya Marekani hutoa skolashipu za makasia kwa wasichana, ni kweli. Lakini mashindano ya wanawake ya NCAA, yaliyoanza 1997, hayana kundi la wepesi hata moja. Makocha hao wanatafuta wasichana wenye nguvu. Na vyuo vya Ivy League kama Princeton na Harvard, ambako kuna timu za wepesi, havitoi skolashipu za michezo kabisa. Msaada wao unategemea kipato cha familia. Kwa hiyo binti anayejinyima ili apate skolashipu anaweza kuwa anazichoma zile nguvu ambazo kocha angezilipia.

LINI NI DHARURA?

Piga 911 au nenda chumba cha dharura akizimia, akiumwa kifua, moyo ukienda mbio au ukipiga ovyo, akitapika damu, akishindwa kunywa hata maji, au mapigo yake yakiwa chini ya 50 kwa dakika mchana akiwa macho na ana dalili nyingine tulizozitaja. Akizungumza habari za kufa, usimwache peke yake. Piga 911, au 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, wakati wowote.

Kwa ushauri usio wa dharura, piga 811 uongee na muuguzi, mchana au usiku. Kituo cha taifa cha habari za magonjwa ya ulaji, NEDIC, kilichopo hapa Toronto, kinapatikana bure kwa 1-866-633-4220.

MASWALI YA KUJIPIMA

Kabla ya kufunga ukurasa huu, jibu haya kimoyomoyo. Mara ya mwisho kumwona mwanao akila mlo mzima ilikuwa lini? Unajua hedhi ya binti yako ya mwisho ilikuwa mwezi gani? Je, mvulana wako amewahi kukuambia anataka kupungua, ukamsifu? Nani anampima uzito huko kwenye timu?

Kama swali moja limekukwama, usiogope, ila usilale nalo. Keshokutwa siyo mbali. Piga simu kwa daktari wako leo uombe nafasi.

Maelezo haya ni ya kuelimisha, hayachukui nafasi ya daktari aliyemwona mwanao.